Wenye Jina Hawajaambiwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Agnesi huku Temeke, na mwinjilisti Yeremia akasimama juu ya kifusi cha udongo akawaeleza watu jinsi Misheni ilivyombeba marehemu maisha yake yote kama mtu abebavyo yai. Nilikuwa na mtoto wangu wa mwisho mgongoni, jua limenishika utosini, watu wanaitikia amina, na mie nikahisi mate yananijaa kinywani, yale mate membamba ya mtu anayetaka kutapika. Nikageuka nikaondoka kabla udongo haujasawazishwa. Mume wangu aliponifikia barabarani akaniambia nimemwaibisha, na kwamba mwanamke aliyesoma mpaka sekondari anapaswa kujua kukaa mbele za watu. Nikamwambia nimekaa mbele za watu vya kutosha, nimekaa mpaka nikaota sugu. Akacheka kidogo, maana ananijua. "Basi andika," akasema, "kwa sababu wewe ukisema unatisha." Haya, naandika. Watoto wamelala, maharage yako jikoni, na yakiungua yaungue.

Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, hayo hayamhusu mtu. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliofanya kazi ya ukarani katika ofisi ya Misheni, kwenye njia iendayo Kurasini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejifungua Nakiete, binti yangu wa kwanza, na mume wangu alikuwa amepelekwa kufundisha shule ya mbali, bara, ambako hakukuwa na nyumba ya mwalimu mwenye mke. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya Mhindi mmoja mwenye duka, kuta nene, bati limepiga kutu. Chumba cha mbele kilikuwa cha Bwana Harlow na mkewe: pazia, feni ya mkono, saa ya ukutani na mito ya kiti iliyotarizwa maneno ya Maandiko, ili mtu akalie Neno la Mungu kwa makalio yake. Chumba cha nyuma kilikuwa changu, mimi na mashine ya taipu na marobota ya nguo. Nguo hizo zililetwa na meli kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na hakuna harufu ninayoichukia duniani kama ile: dawa ya nondo, ukungu na jasho la watu nisiowajua. Tulitoa mle makoti ya baridi ya kumfaa mtu anayeishi kwenye barafu, vifunga tumbo vya wanawake vyenye mifupa ya chuma, viatu vya mguu mmoja. Siku moja kwenye mfuko wa koti tulikuta meno ya bandia. Bibi Harlow hakuyatupa. Aliyafunga kwenye karatasi akasema tuyaweke, huenda akatokea mhitaji.

Chai nayo nisiiache. Bibi alikunywa chai saa nne na mumewe, kisha majani yale yaliyokwisha kunywewa yakaanikwa kwenye sinia dirishani, inzi wakatembea juu yake, yakakauka, yakawekwa kwenye kopo letu. Hayo ndiyo tuliyochemshiwa sie. Mzee Athumani, mpishi, mwenyeji wa Temeke tangu babu yake, alikuwa akinimiminia kikombe huku uso wake umenyooka kama wa kadhi. "Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema. "Hii chai ni safi kuliko sisi. Imeshatawadha mara mbili." Yeremia hakupenda mzaha huo. Yeye alisimama, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa chai ile kwa maombi marefu mpaka ikapoa, na nilipomwuliza siku moja anashukuru nini hasa, alinitazama kwa huruma. "Dada yangu," akasema, "elimu ikizidi huharibu shukrani." Nilikuwa na miaka ishirini. Leo ningemmwagia.

Kati ya chumba changu na chumba cha mbele palikuwa na ukuta wa mbao tu, na Bwana na Bibi Harlow waliongea kana kwamba upande wa pili kuna mbuzi. Walijua najua Kiingereza, ndicho walichoniajiria. Lakini nadhani waliamini Kiingereza changu kinafanya kazi pale wanapokiita, na wasipokiita kinalala. Kwa hiyo nilisikia mengi: nani ananuka, nani ana uso wa kupendeza, nani tumwombee kwa kuwa anaonekana ana akili za kiburi, na huyo alikuwa mimi. Usiku nikinyonyesha nilikuwa nikiyarudia maneno yale kichwani mpaka maziwa yakakataa kutoka. Siku hizi watu wananiambia hayo yalikuwa ya zamani, Wazungu wale walikuwa na nia njema. Mie najibu kwamba nia njema niliiona kwa macho yangu, ilikuwa na harufu ya dawa ya nondo.

Sasa utaratibu wa majina. Misheni ilikuwa na zahanati ndogo nyuma ya ofisi, na mtoto dhaifu aliyeletwa pale, ambaye mama yake hana maziwa, alitafutiwa kundi la wafadhili huko ng'ambo, akina mama wa kanisa fulani. Hao walimchagulia jina la ubatizo, wakamshonea nguo, wakatuma maziwa ya unga. Jina lilikuja na kopo. Hukulazimishwa kulipokea, lakini kopo nalo halikulazimishwa kuja. Mama Agnesi alikuwa mwanamke wa Keko, mwembamba, mwenye sauti ya chini, mke wa mchukuzi wa mizigo bandarini. Alikuwa na jina lake la kumpa mtoto, la shangazi wa mumewe, akaliweka pembeni. Mtoto akaitwa Agnesi kama walivyotaka wenye kopo, naye mwenyewe akaitwa Mama Agnesi mtaa mzima, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Agnesi alikufa masika ile, tumbo la kuhara, kama walivyokufa wengi. Mama yake alipotoka mazikoni, baada ya siku chache, alikuja ofisini amejifunga kaniki, nywele hazijachanwa, akakaa chini kwenye sakafu ya Bibi Harlow. Yeremia ndiye aliyefasiri. Mie nilikuwa mlangoni na Nakiete kiunoni.

"Nimekuja muwaambie wenye jina," Mama Agnesi akasema.

Yeremia akamwuliza wenye jina gani.

"Wale wa ng'ambo. Mie mtoto sikumwita Agnesi, wamemwita wao. Mtu aliyempa mtoto jina ni mzazi, kaka Yeremia, unalijua hilo. Mzazi haambiwi mtoto amekufa? Waambieni. Wakishaambiwa watanipa pole, na mimi nitaanua matanga. Siwezi kuanua matanga na wazazi wengine hawajui kama kuna msiba."

Sikuhitaji kuelezwa, na hakuna mtu mweusi katika chumba kile aliyehitaji kuelezwa. Kwetu bara ni hivyo, na Mzee Athumani wa pwani alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mwenye jina hachelewi msibani. Akiwa mbali anatumiwa mtu, na mpaka neno lake lirudi mkeka haukunjwi, mfiwa halali kitandani, hapaki mafuta, haingii arusini, na mumewe anakaa kando. Kwa kawaida hilo ni jambo la siku chache. Mwenye jina yuko kijiji cha pili, anakuja na kuku mkononi, analia, mambo yanakwisha.

Yeremia alifasiri. Bibi akashika mkono wa Mama Agnesi, akasema watawaandikia. Barua za wafadhili aliziandika yeye mwenyewe kwa mkono, alisema wafadhili hawapendi mashine, kwa hiyo mimi sikuzigusa. Mama Agnesi akashukuru akaondoka, na kabla hajafika barabarani nikasikia kwa ukuta wa mbao, Bibi akimwambia mumewe kwamba haiwezekani, akina mama wale wamejitolea mno, wakisikia sasa hivi watavunjika moyo na jengo jipya la zahanati litakwama. Bwana akasema basi tungoje. Kisha Bibi akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemsifu mtu: "Wenzetu hawa hawahuzuniki kama sisi. Wanapata wengine." Nikamtazama Nakiete amelala ndani ya sanduku la nguo chini ya meza yangu. Nikadhani wanangoja wiki, labda mwezi. Nilidhani mtu anayemwamini Mungu ana kikomo.

Kuanzia hapo Mama Agnesi alikuwa anakuja kila Jumatatu, akitoka kuuza mihogo ya kuchemsha kwa wachukuzi wa Kurasini. Hakuja kwa maziwa. Maziwa yalikatwa siku ile ile. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akauliza swali lile lile: "Wenye jina wameshaambiwa?" Na Yeremia alijibu kila mara, "Habari iko njiani, mama." Tulizoeana pale ngazini. Nilikuwa nikimpa chai ile iliyotawadha, naye ananipa muhogo, na alikuwa na maneno yake ya kuchekesha ingawa uso wake ulikuwa umekwisha. Alisema wifi yake anamcheka kwamba mkeka wake umeota mizizi. Alisema jirani yake, fundi wa vitanda pale Keko, amejitolea kuutengenezea miguu ule mkeka, ili matanga yawe ya juu juu, watu wasiinamie. Nilicheka, naye akacheka.

"Mume wangu hacheki," akasema. "Anasema bandari imemchosha na nyumba imemchosha. Kwao wanamwita arudi, kuna shamba. Ananiambia, kunja mkeka twende. Namwambia ngoja kidogo, wenye jina hawajaambiwa. Akisafiri na matanga yangali chini, harudi yule. Namjua."

"Kunja tu, dada," nikamwambia. "Wazungu wale hawaijui hata hiyo desturi."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Wao hawaijui. Mie naijua. Unataka nimwache mtoto nusu msibani, nusu barabarani?"

Alikuwa na haki. Nikaingia ndani nikamwuliza Yeremia ana kwa ana kama habari imepelekwa. Akaniambia nisiingilie kazi ya waliotiwa mafuta. Nikamwuliza Bibi Harlow. Akaniambia ni jambo nyeti. Neno hilo la Kiingereza nimelichukia mpaka leo. Kila nilisikiapo najua kuna mtu anakandamizwa koo kwa glavu.

Kiangazi Bibi alikuja chumbani kwangu na gauni jeupe la mtoto lenye utepe wa buluu, limenyooshwa vizuri. Akasema wamelileta wafadhili, wangependa kuona linavyokaa kwa mtoto, na Nakiete ana mashavu mazuri. Je, naweza kumkopesha kwa picha moja? Nami nitapewa nakala nimpelekee mume wangu. Nilifurahi. Mume wangu alikuwa hajamwona mwanawe tangu akiwa mwekundu kama panya. Nakiete akavishwa, akakalishwa kwenye kiti cha ukindu uani, akaguna, akacheka, Bwana Harlow akapiga. Mzee Athumani alitokea jikoni na mwiko mkononi akatazama lile gauni, akaniuliza kwa sauti ya chini limeshonewa mtoto gani. Nikasema sijui. "Uliza, mwanangu," akasema. "Nguo haishonwi bila mtu." Sikuuliza, na nakala sikupewa.

Mwisho wa mwaka ikaja habari kwamba wageni wanakuja kwa meli, akina mama wawili wazee kutoka kanisa moja la ng'ambo, kuona matunda ya kazi yao. Nikasikia kwa ukuta wa mbao ni kanisa gani. Ndio wenyewe, wenye jina. Sikungoja Jumatatu. Nilikwenda Keko mchana ule ule na mtoto mgongoni, nikapita katikati ya mafundi na vumbi la randa, nikamkuta Mama Agnesi kwenye mkeka wake. Chumba kilikuwa kitupu kuliko nilivyokitegemea. Koti la mumewe halikuwapo msumarini.

"Amepanda lori juzi," akasema, kabla sijauliza. "Usinipe pole. Pole ya mume haijafika zamu yake bado."

Nikamwambia wenye jina wanakuja wenyewe, kwa miguu yao. Aliinuka mkekani. Kisha akaanza kutafuta kanga yake safi, akasema ataleta viazi vitamu, maana mgeni wa matanga hapokewi kwa mkono mtupu. Aliamini wanakuja kumpa pole. Kwa nini asiamini? Watu wamevuka bahari yote ile; mtu anavuka bahari kwa nini kama si kwa msiba wa mwanawe?

Siku yenyewe Bwana Harlow aliandaa maonyesho ya picha katika ukumbi wa kanisa, mashine inayowashwa kwa karabai na kutupa picha kubwa juu ya shuka. Ilikuwa alasiri, kwa hiyo madirisha yalizibwa mablanketi, na ndani mkawa joto la tanuri, karabai inavuma, akina mama wa Keko na Temeke wamebanana mabenchini wakijipepea kwa ncha za kanga. Wageni walikaa mbele kwenye viti: mmoja mrefu mwenye kofia, mmoja mfupi, mnene, anayevuja jasho. Picha zile Bwana alikuwa anazijaribu kwetu kabla ya kuzipeleka likizo kwao. Yeye angesema kwa Kiingereza, Yeremia angefasiri. Ila Yeremia asubuhi ile aliamka na jino, taya limevimba, hawezi kufungua kinywa. Mungu ana mizaha yake. Bibi tayari alikuwa amemvisha Nakiete gauni lile jeupe, akasema wageni watapenda kuliona, na Bwana akanivuta kando akaniambia nifasiri mimi. "Kwa kifupi," akasema. "Si lazima kila neno." Mama Agnesi alikuwa benchi la mbele, kikapu cha viazi mapajani, nywele zake bado hazijachanwa.

Ikapita picha ya kanisa, nikafasiri. Ikapita picha ya zahanati, nikafasiri. Ikaja sura ya Nakiete, kubwa kama mlango, anacheka kwenye kiti cha ukindu. Wanawake wakaguna kwa furaha, na Mama Agnesi akanigeukia akatabasamu. "Mwanao huyo," akaninong'oneza. Bwana Harlow akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye Agnesi, ambaye marafiki zetu waliompa jina wamemwombea tangu siku alipokuwa kwenye mlango wa kifo, na kwa maombi yao na maziwa yao amekua hivi, na tazameni, yuko nasi humu humu. Akaninyooshea mkono. Wale wageni wakageuka kwangu. Yule mrefu akafungua mikono yake kumpokea mwanangu.

Watu wakangoja nifasiri. Sikuwa na hasira wakati ule, hasira ilikuja baadaye na haijaondoka. Nilihisi kinyaa tu, kama mtu aliyeng'ata chakula akakuta nusu ya mdudu. Nikasimama wima, nikafasiri kila neno.

"Bwana anasema huyu kwenye picha ndiye Agnesi," nikasema. "Anasema akina mama hawa wawili ndio waliompa jina. Anasema alikaribia kufa, Misheni ikamponya, na sasa ni mzima. Anasema Agnesi ndiye huyu niliyembeba mimi."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Agnesi yupi?" na mwenzake akamjibu, "Nyamaza kwanza." Karabai ikaendelea kuvuma. Mama Agnesi alitazama picha, akamtazama Nakiete, akatazama gauni. Aliweka kikapu chini, akasimama, na hakusema na Bwana wala Bibi. Alisema na wageni, taratibu, kama mtu anayetoa habari kwa wakwe.

"Waambie," akaniambia, "Agnesi alikufa masika, tumbo. Amezikwa huku huku. Nimewangoja miezi yote hii. Mkeka wangu ungali chini."

Nikageuka, nikasema kwa Kiingereza, kila neno. Bwana Harlow alianza kusema nimechanganya. Yule mgeni mfupi akainua kiganja kumnyamazisha, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Tulipelekwa chumba cha mbele, kwenye mito yenye Maandiko, na hapo ndipo nilipoiona roho ya ofisi ile imevuliwa nguo. Bibi Harlow alikuwa analia, analia kwa ajili yake mwenyewe, anasema walifanya kwa upendo. Bwana aliniambia nimeaibisha kazi ya Bwana, na sikujua kama anamtaja Mungu au anajitaja. Mgeni mrefu alifuta macho, akanywa chai yake, chai ya kwanza ya majani mapya niliyopata kuinusa mle, kisha akasema amepata wazo. Mtoto huyu ni mzuri sana. Amekwisha kuzoeleka. Picha yake iko ukutani kwenye kanisa lao. Kwa nini jina la Agnesi lisipewe huyu, abatizwe nalo, na msaada uhamie kwake? Hapo hakuna kitakachokuwa uongo tena. Bwana Harlow akainua kichwa. Niliona wazo linamshuka mwilini kama dawa. "Mama wa marehemu akiridhia," akasema, "ni jambo zuri."

"Wanasemaje?" Mama Agnesi akauliza. Alikuwa sakafuni, hakutaka kiti.

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba mie nimekataa, mwanangu ana jina, ni la bibi yake, hata wakileta meli nzima ya makopo.

Mama Agnesi hakupandisha sauti. "Waambie jina nimemzika nalo. Halina wa kulivaa tena. Sikuja kwa jina, wala kwa maziwa. Nimekuja kwa pole yao. Wanipe nikakunje mkeka."

Nikafasiri. Mgeni mrefu akamtazama Bwana Harlow, kuuliza kama inaruhusiwa. Naapa aliuliza kwa macho kama inaruhusiwa. Na Bwana Harlow akaeleza, kwa sauti yake ya kufundishia, kwamba hizi ni mila za matanga ambazo Misheni imekuwa ikizipiga vita kwa subira, na si vema kuzitia nguvu mbele ya watu wachanga katika imani. Yeremia, kitambaa kimefungwa tayani, akatikisa kichwa kuafiki. Naye kazaliwa na mama.

Aliyeinuka ni yule mfupi. Magoti yake yalilia. Alikuja akakaa sakafuni, vibaya, sketi imepanda, akaniuliza neno lenyewe ni lipi. Nikamwambia. Akamshika Mama Agnesi mikono yote miwili akasema, "Pole." Alilisema vibaya, kama mtoto. Mama Agnesi akainamisha kichwa. "Nimeshapoa," akajibu, ndivyo anavyojibiwa mtu, kisha akavuta kikapu akammenyea kiazi. Yule mama akala, na machozi yakamdondokea kwenye kiazi. Mgeni mrefu hakula. Alisema tumbo lake haliwezi.

Nilitoka siku hiyo hiyo na sikurudi. Gauni lao nililiacha juu ya taipu. Watu huniambia mwisho ule ulikuwa mzuri, kwamba yule mama mmoja aliokoa jambo. Mie silioni hivyo. Kilichonichefua hakikuwa ugumu wa jambo, ni wepesi wake. Neno moja, la kujifunza papo hapo, sakafuni, lilikuwa linatosha tangu masika.

Kesho yake tulikwenda Keko kuanua matanga. Wanawake walipika, walimwosha Mama Agnesi nywele, wakamsuka, wakamchamba wifi yake kwa nyimbo, naye wifi akajibu, ikawa kicheko. Fundi wa vitanda akatuma salamu kwamba amepoteza mteja. Tulipokunja mkeka, sakafu chini yake ilikuwa nyeupe na yenye unyevu, sisimizi wamejenga. Mama Agnesi aliifagia mwenyewe, hakutaka msaada. Watu walipokwisha kutawanyika, mie bado namnyonyesha Nakiete kizingitini, nikamwona amepanda kitandani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kilikuwa kitanda cha watu wawili. Akajilaza, akajisogeza mpaka ukutani, akamwachia nafasi mtu ambaye lori lake lilikuwa limeshavuka Morogoro.